Ukuta wa Mama

Ulemo

Mdogo wangu Urbano,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Mafuta yako ya alizeti nimeyaweka.

Ulituagiza tusisiribe ukuta wa mama kwa udongo, tusije tukafuta michoro kabla mwalimu wako wa historia ya sanaa hajaja kuisoma. Kila baada ya mavuno mama husiriba na kuchora upya, ila safari hii amekutii. Sasa mvua zimeanza na ukuta umepasuka. Jana kipande kiliangukia kitanda chake, bahati alikuwa jikoni. Kuhamia kwangu hataki, eti mwalimu wako asikute ukuta hauna mwenyewe.

Kesho nakanda udongo. Mwalimu akija, mwambie michoro ya mwaka jana haipo, mchoraji yupo.

Dada yako,
Eliana