Wa Mwisho Nyuma Kabisa

S.L.P. 37,
Isebania.
Jumatano, 17 Julai 1996.

Mpendwa kaka Suhail,

Assalaam alaykum. Hali yako huko Mombasa, na wifi je? Mguu wa mama umepona, au bado anajipaka mafuta na kukataa hospitali? Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mume wangu Hemed hatoki dukani, madereva wa malori wanatumalizia mchele wote.

Sasa nikupe ya shule, maana yamenikaa rohoni. Unajua mpwa wako Aliya hasikii vizuri tangu augue masikio. Mwalimu mkuu wao, Bwana Bichage, mtu wa tai na kitambi, ana utaratibu anaojivunia utadhani ameletewa na malaika: watoto huketi kwa namba za mtihani. Wa kwanza mbele, wa mwisho nyuma kabisa. Aliya hasikii, kwa hiyo anafeli. Akifeli anapelekwa nyuma, na huko nyuma ndiko hasikii kabisa. Hata mbuzi wa jirani yangu Nchagwa angeelewa hilo. Bichage na diploma yake halimwingii.

Tena alitwambia mtoto hana kichwa cha shule, muhula ukiisha tumtoe, akafunge sukari dukani.

Basi Ijumaa kulikuwa na mkutano wa wazazi. Usicheke, kaka: na sisi wazazi tulipangwa kwa namba za watoto wetu. Nikaketi nyuma mwisho, mvua ikaanza kupiga mabati. Naona mdomo wa Bichage unacheza tu, neno sipati. Mara watu wote wakageuka kunitazama. Kumbe ameniuliza swali. Nilipobaki nimeduwaa, akapaza sauti ili nisikie:

"Kumbe ni ya kurithi."

Wapambe wake wa viti vya mbele wakacheka naye. Mtu mzima hana hata haya.

Nilibeba kiti changu, nikapita katikati yao wote, nikakiweka mbele ya meza yake. Nikamwambia, "Sasa uliza tena. Mimi na mwanangu tulikuwa mbali." Akakohoa, akashika tai. Swali lenyewe lilikuwa nani ataleta soda za wageni. Hayo ndiyo makubwa aliyokuwa nayo.

Pauline, mwalimu wa darasa, hakungoja ruhusa ya mtu. Jumatatu alimketisha Aliya dawati la mbele, na akifundisha anamgeukia. Bichage amenuna, na anune. Habari ya kumtoa mtoto haisemi tena, na akiisema kiti ninacho.

Jioni ile Aliya alirudi, akaniuliza, "Mama, kwani mwalimu huwa anasema maneno yote yale kila siku?"

Nilienda jikoni nikalia.

Mpe mama mkono wangu, na wifi Ayesha, na Hamud mwambie shangazi yake anamkumbuka. Mola awafunike kwa rehema zake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Mwanarusi