Honi Mbili za Mwaitu

Mitaboni,
Machakos.
Jumanne, 10 Novemba 2009

Kwa kaka yangu mpendwa Kitheka,

Pokea salamu nyingi kuliko mahindi tuliyovuna mwaka huu, ambayo, kama ujuavyo, hayakujaza hata debe. Natumaini joto la Mombasa halijakumaliza, na kwamba mgongo uliokuwa ukikusumbua ulipokuja kwa mazishi umepata nafuu. Sisi huku tupo. Mvua imefika hatimaye, mbaazi zimeota, na wale ng'ombe wawili waliobaki wamepata nyasi. Baba mdogo Kiema anakohoa, lakini bado anagombana na kila mtu, kwa hiyo ni mzima.

Uliponipigia simu Jumapili ulisema Jumamosi hii nimchukue baba mdogo na wazee wawili wa ukoo, niwapeleke Wamunyu kwa mkweo, mzee Mwangangi mchonga vinyago, wakadai warudishiwe mbuzi wa ntheo waliofunga ndoa yenu, ili ijulikane mbele ya watu kwamba Kalekye si mke wako tena. Nilikujibu sawa. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu mimi ni mwongo hodari. Ukiniuliza jambo, jibu linatoka kabla sijalifikiria, halafu salio linaisha na uongo unabaki pale pale. Karatasi hainiharakishi. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kunipigia.

Nianze na gari, maana mambo yote yalianza hapo. Unakumbuka ulivyolileta mwezi wa Februari, haibridi ya kwanza kuonekana Mitaboni, yenye injini ya petroli na mota ya umeme ndani ya boneti moja. Soko zima lilisimama. Syombua wa kwaya alipoona usukani ukijizungusha wenyewe gari likijipaki kando ya duka la Wambugu, alisema yeye hapandi kitu kinachoendeshwa na mtu asiyeonekana. Tulimcheka sana. Wewe ulikaa nami siku mbili ukinifundisha: mishale ya kwenye kioo cha dashibodi inayoonyesha umeme unakotoka na unakokwenda, jinsi breki za mteremkoni zinavyorudisha chaji kwenye betri, kitufe cha kutembelea betri pekee, na kamera ya nyuma inayowaka ukiweka rivasi. Ulipokuwa ukipanda basi kurudi ulinitania kwamba siku nitakayofikisha kilomita ishirini na tano kwa lita ndiyo siku utakayoniita dereva.

Neno hilo liliniingia kuliko ulivyodhani. Mimi ni kitinda mimba, Kitheka. Maisha yangu yote nimevaa viatu ulivyoviacha. Nikaona hapa pana kitu ninachoweza kukushinda. Nikajifunza kukanyaga mafuta kwa kidole gumba. Nikijua mteremko unakuja naachilia mguu mapema, na nikiona lori limesimama mbele napunguza kutoka mbali ili breki zinilipe umeme. Abiria wangu wa teksi walinung'unika kwamba naendesha kama niliyebeba jeneza. Sikuwajali. Nilianza na kumi na tisa, nikaja ishirini na moja, nikaja ishirini na tatu, na kila Jumamosi nilikuandikia ujumbe wa namba tu. Mwezi wa Agosti nilifika ishirini na nne nukta nane, nikawa silali kwa ile nukta mbili iliyobaki.

Tangu mwezi wa Machi nilikuwa nimegundua kwamba kinachokula petroli ni injini ya asubuhi, ikiwa bado baridi. Kwa hiyo nikawa nabonyeza kile kitufe nikiwa uwanjani, natoka kwa betri hadi barabarani penye mteremko, bila sauti yoyote. Hata kuku walikuwa wanashtuka nimeshawafikia.

Mwaitu hakulipenda jambo hilo. Mama yetu alikuwa ameshapoteza macho kwa presha, unajua, na akawa anaona kwa masikio. Pikapu ya Wambugu aliijua kwa kukohoa kwake, pikipiki ya padri aliijua ikiwa bado ng'ambo ya mto, na mkokoteni wa jirani aliujua kwa gurudumu linalolia. Lakini hili gari lako, alisema, linaingia bomani mwa mtu bila hodi kama mchawi. Akaniomba jambo moja tu: nipige honi mara mbili kabla ya kuliondoa, na mara mbili nikifika langoni. Nilifanya hivyo miezi mitano. Halafu nikachoka. Niliona ni ushamba kupiga honi katika uwanja wangu mwenyewe wakati mashine ina jicho nyuma, na ukiweka rivasi inalia yenyewe, ting', ting', ting'. Nikamweleza Mwaitu kwamba honi sasa zimekwisha, asikilize ting'-ting', akiisikia ajue gari linarudi nyuma asogee kando. Akarudia mara mbili ili asisahau, kama mtoto anayefundishwa sala. Ting'-ting', nisogee. Ting'-ting', nisogee.

Sasa nije kwa Kalekye. Nilikwambia kwamba siku ile ya Agosti mkeo alikwenda kupiga foleni ya maji kisimani bila kumwambia mtu, akamwacha Mwaitu peke yake, na Mwaitu akaanguka kwenye ngazi ya jikoni akavunjika nyonga. Uliamini, kwa nini usingeamini? Siku ya tatu baada ya mazishi ulimwita Kalekye mbele ya wazee, naye akasema wazi kwamba alimkalisha Mwaitu kwenye kigoda chake kando ya ghala, penye jua la asubuhi, kisha akaniambia mimi nimwangalie. Wazee wote walinigeukia. Nilisema hakuniambia kitu. Kalekye hakubishana. Alimshika Ngina mkono, akaenda kufunga nguo zao. Mtoto alikuwa anauliza kama wanakwenda kwa babu wa vinyago na watarudi lini.

Tangu siku hiyo sijakaa vizuri. Ile ting'-ting' inanifuata, Kitheka. Mtu akikoroga chai naisikia. Kanisani wakigonga kengele ndogo wakati wa kupiga magoti, watu wanainamisha vichwa, mimi nageuka kuangalia nyuma. Kigoda cha Mwaitu nimekiingiza ghalani, nimekitoa, nimekiingiza tena, popote nikikiweka kinanitazama. Na nimerudia honi. Kila nikitoka napiga mbili, kila nikiingia napiga mbili, na uwanja hauna mtu. Vijana wa sokoni sasa wananiita Honi Mbili. Wanadhani nimerukwa na akili, na siku nyingine nadhani hawajakosea.

Mwezi wa Septemba nilimbeba yule mwalimu wa Kijapani, binti anayejitolea kufundisha hesabu kule Kathiani. Nilipoweka rivasi kioo kikawaka, na chini yake kukatokea ule mstari wa maandishi yao ambayo mimi na wewe tulidhani ni sifa za waliolitengeneza. Nilimwuliza, kwa mazungumzo tu, ule mstari unasifu nini. Akausoma, akatafuta maneno ya Kiswahili pole pole, akaniambia unasema dereva ahakikishe mwenyewe, kwa macho yake, pande zote za gari. Miezi yote ile gari lilikuwa linanionya kila nikirudi nyuma. Yule binti aliniuliza kama naumwa, nikasema ni malaria.

Kaka, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwaitu hakuanguka kwenye ngazi. Mimi ndiye niliyemgonga.

Kalekye aliniambia. Aliniambia nikiwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, na nikamwitikia. Halafu abiria akanipigia simu kwamba ana haraka ya kwenda mjini, na safari ile ndiyo niliyoihesabu kunifikisha ishirini na tano. Niliingia ndani ya gari nikabonyeza kitufe cha betri ili injini isiwake ikiwa baridi. Sikupiga honi. Nilitazama kioo nikaona rangi ya vumbi tupu, nikadhani ni uwanja, kumbe ni kamera iliyopakwa vumbi la ukame ule. Vumbi lilikuwa laini kama unga, hata magurudumu hayakulia. Nilihisi kitu kidogo tu, kama gari limegusa gunia. Niliposhuka alikuwa chini, kigoda kimelala kando yake, na kitambaa chake cha kichwa kimetoka.

Nilimlaza kiti cha nyuma nikaenda mbio hospitalini. Na hili nalo nitakwambia, maana nikiliacha nitakuwa sijakwambia kitu. Kwenye ule mlima wa kuelekea mjini nilitupa jicho kwenye kioo nikaona wastani umeshuka hadi ishirini na mbili, na moyo ukaniuma kwa ajili ya namba. Mama alikuwa nyuma anaugua, nami nikahuzunikia petroli. Ilikuwa ni nukta ya wakati tu, lakini ilikuwa.

Mbele ya daktari nilisema ameanguka kwenye ngazi. Mwaitu alikuwa amelala pale, akili zake timamu, akasikia kila neno. Hakunikanusha. Daktari alipomwuliza yeye mwenyewe, alisema ni ngazi. Alinifunika, Kitheka, kama alivyokuwa akinifunika nilipovunja chungu. Lakini alinifunika mimi, hakukusudia kumvua Kalekye. Hakuishi kuona nilivyoitumia huruma yake.

Siku ya nne, kabla nimonia haijamkamata kifua, tulibaki wawili. Akaupapasa mkono wangu akaushika. Nilidhani ataniuliza kwa nini. Badala yake aliniambia hivi, na maneno yake nayaandika kama alivyoyasema: “Mulwa, nisamehe mwanangu. Sikuisikia ile ting'-ting' yako. Macho yaliisha, na sasa nimeishiwa na masikio. Nimekuletea shida bure.”

Nami nilimjibu kwamba si neno, Mwaitu, masikio nayo huzeeka. Nilimsamehe. Alifariki siku mbili baadaye akiwa na msamaha wangu.

Wiki moja baada ya wewe kurudi Mombasa nilimwita fundi mmoja kutoka mjini. Nilikaa kwenye kigoda kando ya ghala, nikafumba macho, nikamwambia arudishe gari nyuma kwa betri, pole pole, madirisha yamefungwa, kama mimi siku ile. Nilingoja ting'-ting'. Nilisikia kuku, nikasikia upepo kwenye mabati. Nilipofungua macho bampa ilikuwa hatua mbili kutoka magotini mwangu, na fundi ndani anashangaa nalia nini. Akanieleza kwamba mlio ule umetengenezwa kwa ajili ya dereva. Unalia ndani ya gari tu. Nje haufiki.

Masikio ya Mwaitu hayakuwa na kasoro yoyote. Alikaa pale akinisikiliza, kama nilivyomfundisha.

Sitawapeleka wazee Wamunyu. Gari na ufunguo wake nimemkabidhi baba mdogo Kiema asubuhi hii na nimemweleza yote. Alinyamaza, na wewe unajua ni mara ngapi amewahi kunyamaza. Ijumaa nitakwenda mwenyewe kwa mzee Mwangangi na mbuzi mmoja wa kuomba msamaha, nimwambie Kalekye mbele ya baba yake kwamba alisema kweli na mimi nilidanganya. Akinifukuza nitakuwa nimestahili. Lakini kumrudisha si kazi yangu wala ya wazee, ni yako. Njoo umchukue mkeo na mtoto wako. Kisha ukitaka kunipeleka polisi, au kunifukuza katika shamba la baba yetu, sitauliza swali. Nitakuwa hapa hapa.

Barua hii nampa Wambugu, anayeshuka Mombasa kesho kununua machungwa, na amekubali kuitia mkononi mwako mwenyewe. Usimkasirikie, hajui alichobeba. Wasalimie wenzako wa bandarini, na yule mama jirani aliyetuma kilo mbili za mchele wa matanga. Baba mdogo anakusalimu, ingawa aliniambia hajui ni salamu za namna gani za kutuma siku kama ya leo. Kaburi la Mwaitu nimelipalilia. Mvua imeushikanisha udongo wake vizuri.

Ukija, chukua gari kwa baba mdogo, na ukifika langoni, tafadhali piga honi mara mbili. Nitakuwa nimekaa kwenye kigoda, nasikiliza.

Ni mimi ndugu yako, mwana wa Mwaitu pamoja nawe,

Mulwa