Njia Zote Zilianzia kwa Dahabo

Habaryar Dahabo, mama yangu mdogo,

Nakuandikia kwa Kiswahili, ingawa mimi na wewe tulizungumza Kisomali tangu siku uliponipokea nikiwa mtoto wa kubebwa. Nimechagua lugha hii kwa sababu nataka barua isomwe na wote waliokula hotelini kwako: madereva wa malori, walimu waliotoka bara, askari, wauguzi waliokuwa wakielekea kambi ya wakimbizi ya Ifo. Wao walikujua kwa Kiswahili chako, kile ambacho kila p iligeuka kuwa b, na hakuna aliyethubutu kukurekebisha kabla hajamaliza mkate wake wa anjera.

Tangu tukuzike nimekuwa nikijaribu kukulilia vizuri, kama mtu mzima, lakini kila nikianza nacheka. Nakumbuka wiki ile ya ramani.

Unakumbuka jinsi wezi wale walivyotuharibia mji. Garissa yetu ilikuwa na desturi yake: adhana ikilia, mwenye duka huweka fimbo mlangoni, akaenda kuswali. Fimbo ile ilitosha. Ilisema mwenyewe yuko msikitini, na hakuna aliyeivuka. Kisha wakatokea watu wa kuivuka. Leo wamechukua redio, kesho majora ya vitambaa, na siku mzee mmoja aliporudi mapema kutoka msikitini, walimpiga kwa fimbo yake mwenyewe. Baada ya hapo watu walianza kufunga makufuli kabla ya kuswali, tena wakiyafunga kwa aibu, wakitazama pembeni. Wewe ulikataa. Ulisema ukianza kuifungia sala kufuli, utaifungia na nini siku ya Kiyama.

Mimi nilikuwa karani mpya pale ofisi ya polisi, na uoga wangu ulikuwa ukinitangulia mlangoni. Uliwahi kuwaambia wateja kwamba nikiona kivuli changu nakisalimia kwanza, nisije nikakikosea. Walicheka mpaka chai ikawapalia, na mimi nikacheka nao, kwa sababu ilikuwa kweli.

Ndipo Inspekta akahamishiwa kwetu. Alikuwa ametoka kusomea ng'ambo, na alikuja na elimu ambayo hatujawahi kuisikia. Alitueleza kwamba mwizi anayerudia kuiba haibi ovyo. Haibi mlangoni pake, maana majirani watamtambua, wala haendi mbali sana, maana huko hajui njia za kukimbilia. Kwa hiyo ukitia alama kwenye ramani kila mahali alipoiba, ukapima umbali, unaweza kukisia anapolala. Mara nyingi ni humo katikati, palipoachwa bila alama. Akauliza nani alifanya vizuri jiografia shuleni. Wenzangu wote wakanitazama.

Habaryar, niliipenda kazi ile. Nilisoma maelezo ya kila mwenye duka, nikachoma pini kwenye ramani, nikachukua bikari na rula, nikachora duara juu ya duara. Nilijiona mtu. Kisha nikatazama mahali maduara yalipokutana, nikaona uwanja wako. Hoteli yako, jiko lako la nje, chumba anacholala Yusuf.

Inspekta alifurahi sana. Alinipiga bega, akasema kesho alfajiri atauzingira mtaa ule wote, na kila kijana asiye na kitambulisho atapandishwa lori mpaka ajieleze. Wewe ulijua maana ya maneno hayo kuliko mimi. Waliopandishwa lori huku kwetu, wengine walichukua muda mrefu sana kurudi. Na Yusuf, mwanao wa pekee, ndugu yangu niliyelala naye mkeka mmoja, hakuwa na kitambulisho. Alikuwa amezungushwa ofisi hii hadi ile akiambiwa alete mzee mwingine wa kushuhudia kwamba ni wa hapa.

Niliondoka ofisini mchana ule. Nikikwambia, nimeisaliti kazi. Nikinyamaza, nimemkabidhi Yusuf kwa rula yangu mwenyewe. Na pini zile zilinitia shaka mbaya zaidi, nikaanza kujiuliza viatu vipya vya Yusuf vilitoka wapi, mimi niliyekuwa nawe sokoni ulipomnunulia.

Karibu na pampu ya maji, dereva mmoja mgeni alisimamisha lori akaniuliza njia ya kwenda kwa muuza vipuri. Nilimjibu bila kufikiri, jinsi kila mtu wa Garissa anavyojibu. Nikamwambia, "Unapajua kwa Dahabo? Basi ni nyuma ya hapo."

Akashukuru, akaondoka. Mimi nikabaki nimesimama kwenye vumbi lake.

Muuza vipuri hayuko nyuma ya kwako. Yuko mbali, unavuka barabara ya lami, unapita msikiti mkubwa, ndipo umfikie. Lakini mitaa yetu haina majina, na mgeni lazima umwanzishie mahali. Sote tulimwanzishia kwako. Nikaanza kuyakumbuka yale maelezo niliyoyasoma: duka langu liko nyuma ya kwa Dahabo, mimi niko mbele kidogo ya kwa Dahabo, ukifika kwa Dahabo uliza. Na mimi, mtoto wa jiografia, nilikuwa nimechoma pini zote kukuzunguka wewe. Sikuwa nimemtafuta mwizi. Nilikuwa nimetafuta mtu anayejulikana kuliko wote Garissa, nikampata.

Nilirudi ofisini kabla uoga haujanifikia. Nilimweleza Inspekta yote nikiwa nimesimama wima, jasho likinitiririka, nikamwomba asogeze msako ule mbele kwa siku moja.

"Una uhakika hii ya pili itakuwa sawa?" aliniuliza.

"Hapana, afande. Ndiyo maana naomba siku moja."

Alizing'oa pini moja moja, akazirudisha kwenye kopo na kunikabidhi. Sijui hata leo ni kitu gani kilimfanya akubali. Labda hajawahi kuombwa kitu na mtu mwoga kiasi kile.

Kesho yake ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote. Nilikuja kukuambia kwamba ninazunguka kutazama maduka yaliyoibiwa, yote, kwa miguu. Ulifunika sufuria, ukamwachia Yusuf jiko, ukajitanda shali ya njano. Ulisema wenye maduka hawatamwonyesha karani wa serikali kitu, lakini wewe watakuonyesha hata pasipoibiwa.

Tulitembea jua likiwa utosini. Nilibeba ramani chini ya kwapa kama mkate. Hakuna mlango tuliopita bila salamu, na salamu zako hazikuwa fupi: habari za mama, za ngamia walioko Eldas, za yule mtoto aliyekuwa na kikohozi, mvua imefika wapi. Nilidhani hatutamaliza kabla ya jua kuzama. Yule mzee aliyepigwa alitupa soda, akaniambia nisikanyage kitambaa chake, kisha akakuuliza kama nimeoa. Ulimjibu kwamba bado natafuta msichana asiyetisha. Kila tulipofika, nilichoma pini mahali penyewe hasa, na kila nilipoichoma uliinama kutazama, ukauliza, "Na mimi niko wapi hapo?" Nikakuonyesha. Ulikuwa unazidi kubaki pembeni, na uso wako, nakuapia, ulinuna kidogo.

Jioni nilichora upya. Maduara yalikutana kule ng'ambo ya soko la mifugo, kwenye yale maghala ya ngozi yaliyoachwa. Sikumwambia Inspekta kwamba nina uhakika. Nilimwambia tu kwamba safari hii nimefika kila mahali kwa miguu yangu.

Askari walipoingia humo alfajiri, wezi walikuwemo. Wanaume wawili waliokuja mjini na lori la mifugo, wasiokuwa wageni wa mtu yeyote, wamelala juu ya ngozi kavu, na redio zimepangwa ukutani kama dukani. Hakuna risasi iliyolia. Hakuna mlango wa mtaa wetu uliobishwa. Yusuf alilala mpaka ukammwagia maji.

Siku hiyo hiyo Inspekta alikuja kula kwako, na mimi nikamfuata nyuma nikiwa sijui nikae wapi. Nilikuwa nimekwisha kukusimulia kila kitu. Ulimwekea nyama ya nyirinyiri na chai ya maziwa ya ngamia, ukasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Insbekta, kumbe wewe nataka zingira mimi? Kaa. Kula kwanza. Ukishiba, zingira."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini yeye alicheka mpaka akavua kofia, na tangu siku hiyo hadi alipohamishwa alikuwa na kiti chake pale dirishani. Adhuhuri ilipoadhiniwa, nilitoka nje nikaona fimbo zimerudi milangoni, duka baada ya duka. Hakuna aliyetangaza kitu. Zilirudi tu.

Sasa hoteli yako ni duka la fundi cherehani. Jiko la nje limebomolewa. Mimi bado mwoga, Habaryar. Nasoma kila barua ya ofisi mara nyingi kabla ya kuitia sahihi, na bado nakisalimia kivuli changu. Lakini kuna jambo moja siliogopi tena, nalo ni kusema, sijui, nipeni siku moja nikatazame. Hilo nililipata nikitembea nyuma ya shali ya njano.

Nina habari moja niliyokuwa naiweka mwisho. Yusuf amepata kitambulisho, alhamdulillahi. Alinisimulia jinsi yule afisa, kijana mgeni aliyeletwa kutoka mbali, alivyomuuliza anaishi wapi. Yusuf akasahau kabisa, akajibu kama zamani kwamba anaishi kwa Dahabo. Akashtuka, akataka kujirekebisha, aeleze kwamba hoteli haipo tena na mwenyewe amefariki.

Afisa hakuinua kichwa. Alimwambia, "Napajua. Hata mimi ndiko nilikoelekezwa nilipokuja."

Mungu akupe Janna, Habaryar, tena mahali ambapo wapya wakifika waweze kuelekezwa.

Mimi,
mwana wa dada yako