Kitabu cha Ramani

Chuo cha Ualimu, Wusi
12 Juni 1956

Dada Mable mpenzi,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Mimi mzima, na maktaba yetu imepata kabati jipya. Jumamosi kuna mdahalo humo. Noah, yule niliyekutajia, atazungumza upande mmoja na Lois wa Mghange.

Kitabu cha ramani tunacho kimoja tu, basi wakawa wanakisoma pamoja, vichwa karibu vigusane. Dada, nilishindwa kuvumilia. Zamu yangu ya kupanga vitabu ilipofika, nikakificha kabatini, nyuma ya Biblia kubwa.

Leo ni siku ya tatu wanakitafuta, rafu hadi rafu, huku wakicheka. Jana Noah aliniita jina kwa mara ya kwanza.

"Jedidah, wewe ndiye mwenye maktaba. Hujakiona?"

"Sijakiona."

"Mwache," Lois akasema, "huyu hata akikiona, haya zitamzuia kusema."

Nifanye nini? Nikikitoa, watakaa nacho pamoja. Nikikiacha, wataendelea kukitafuta pamoja. Naandika nikiwa nimeegemea kabati lenyewe, na hao wanakuja.

Mdogo wako,
Jedidah