Mtoto wa Tumbo wa Mama Leokadia

Baraka, Jumanne, mvua imekatika

Mama yangu,

Nikuamkie wewe kwanza, halafu Bibi Sifa, halafu nyumba nzima ya huko Kalemie. Miguu ya Bibi inasemaje na baridi hii? Ile dawa ya kuchua niliyomtumia kwa mama muuza ndakala ilifika, au iliishia bandari ya Kazimia pamoja na samaki wake? Sisi huku tunapumua. Kadia ameng'oka meno ya mbele, akisema neno ni kama anapiga filimbi. Wilondja mdogo ananyonya mchana kutwa, na hata sasa yuko kifuani, kwa hiyo mwandiko ukiyumba usidhani ninaumwa. Nimechoka tu, Mama. Na nina hasira.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu yenu ni ya Mjomba, na Mjomba akipokea anaweka sauti kubwa, ua wote unasikia. Na mara ya mwisho ni kwenye simu hiyo hiyo uliniambia, "Feza, acha mambo ya wakubwa." Nilijaribu kuyaacha. Yamenifuata mpaka mlangoni. Sasa keti, usome polepole, maana ukimaliza utamsomea Bibi.

Unajua kwamba masista wanatayarisha yubile ya shirika lao. Wamejenga kapela mpya hapa Baraka na wanataka kuleta mifupa ya mwanzilishi wao, Mama Leokadia, kutoka makaburini Lubondja, ilale chini ya altare. Barabara ya Lubondja unaijua, leo inapitika, kesho watu wanakimbia, na wao wanataka mahujaji wafike bila hofu. Nilifurahi. Hata baba Kadia walimpa kazi ya kujenga kaburi jipya kwa matofali ya kuchoma. Niliwaambia wenzangu kisimani, "Huyo ndiye aliyemzaa bibi yangu." Wakanicheka: "We Feza! Unatafuta ukoo na mutakatifu sasa?" Nikacheka nao. Nilidhani ni mchezo wa kisimani tu.

Basi Mwalimu Etabo, katekista wetu, akamchagua Kadia aigize Leokadia akiwa mtoto katika mchezo wa yubile, kwa sababu jina lake ni hilo hilo. Jumamosi moja nikaenda kutazama mazoezi, Wilondja mgongoni. Kadia akapiga magoti, akasali, watu wakapiga makofi. Akatoka. Akaingia msichana mkubwa mwenye shela nyeupe, ndiye Leokadia wa ukubwani. Wakamletea mtoto yatima, mwanasesere wa vitambaa. Unajua alifanya nini, Mama? Aliingiza mkono kwenye mfuko akatoa biberon, chupa ya kunyonyeshea mtoto. Biberon ya plastiki, yenye kifuniko cha rangi ya waridi!

Nilisimama.

"Mwalimu, samahani. Hiyo biberon alinunua wapi?"

"Mama Kadia, ni mchezo tu."

"Najua ni mchezo. Lubondja ya wakati ule, ata chumvi ilikuwa inafika kwa mabega ya batu. Maziwa ilitoka wapi?"

Mama mmoja wa kwaya akasema, "Ilikuwa ya mbuzi labda."

Mwenzake akamgeukia, "We naye! Ata mbuzi, kama hajazaa, hatoe maziwa!"

Ukumbi mzima ukacheka. Mwalimu Etabo hakucheka. Alikuwa anatazama ndala zake, na hapo nikajua kwamba anajua. Masista walimpa hadithi tayari imeshafuliwa na kupigwa pasi.

Ninakuandikia mambo unayoyajua, Mama, ili Bibi asikie kwamba nami ninayajua. Leokadia aliolewa Lubondja, akazaa mtoto mmoja, ndiye Bibi Sifa. Mume akafa Bibi hajatambaa. Miezi ile ile mama mmoja jirani akajifungulia kwenye shamba la mihogo, damu ikamwisha, akabaki mtoto wa kike analia kwenye majani. Hakuna mwanamke aliyetaka kumnyonyesha. Waliogopa kwamba kifo cha mama kitahamia kwenye nyumba ya anayemshika. Leokadia akamchukua. Titi la kulia la Sifa, la kushoto la yule mgeni. Wakaletwa wengine, wakaja wanawake wa kumsaidia, wajane na wasichana, mmoja mmoja na kitanda chake cha mianzi. Hivyo ndivyo shirika lilivyoanza. Halikuanzia kwenye shela. Lilianzia kwenye kifua cha mwanamke aliyezaa, anayenuka maziwa kama mimi ninavyonuka sasa hivi.

Sista Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akanivuta pembeni, karibu na sakristia. Yeye si mtu wa kupiga kelele.

"Mama Kadia, hii ni mambo ya ndani ya nyumba. Sasa unasimama nayo mbele ya batoto?"

"Sista, mi niko ndani ya nyumba. Bibi yangu ni mutoto wake."

"Tunajua. Lakini tunaomba Roma imutangaze mwenye heri. Ujane, tunaweza kueleza. Ule mutoto aliacha, tutaeleza je?"

"Hakuacha. Aliambiwa achague."

"Na alichagua nini?"

Mama, hapo hapo Wilondja akaanza kulia nikashukuru kwamba analia. Kwa sababu swali hilo nimejiuliza mwenyewe tangu nizae. Padri wa wakati ule alimwambia hawezi kuweka nadhiri akiwa na mtoto miguuni. Leokadia akampeleka Sifa kwa dada yake mkubwa, na kuanzia siku hiyo mtoto akafundishwa kumwita mama yake "Sista" na mama yake mkubwa "Mama". Yatima walilala nyumbani kwa Leokadia. Wa kwake alilala mlima wa pili. Mimi nikimwacha Kadia kwa jirani niende sokoni, nikirudi nanusa nywele zake. Kwa hiyo usidhani namkasirikia Sista Mkubwa peke yake. Leokadia naye nimemkasirikia, na nimempa mwanangu jina lake, na yote mawili yanakaa katika moyo mmoja.

Na sisemi kwamba masista ni watu wabaya. Wilondja alikuja miguu mbele, na ni mikono yao iliyomtoa mzima. Wamama wakimbizi kutoka Burundi wanazalia kwao na hakuna anayewauliza kabila. Kazi ya Leokadia inaishi, naiona kila siku. Ndiyo maana inaniuma. Angekuwa mtu mwingine anayesema uongo huu ningepita zangu.

Lakini yaliyotokea Lubondja ndiyo yaliyofanya nichukue kalamu. Wiki iliyopita walikwenda kufungua kaburi. Baba Kadia alikuwepo kupima jeneza jipya. Unajua mume wangu anavyosema maneno machache. Siku hiyo alirudi, akaketi, akasimulia mpaka bugali ikapoa.

Sista Mkubwa alikwenda na masista wenzake, na Sista Veneranda, yule mzee kabisa, walimbeba kwenye kiti. Wachimbaji ni wazee wa kijiji na vijana wao. Majembe yalikuwa tayari mabegani. Mzee wao akauliza kama wanavyouliza siku zote, maana kwetu kaburi la mzazi halifunguliwi kama mtoto wake hajagusa udongo kwa jembe kwanza:

"Mutoto wa marehemu ni nani?"

Sista Mkubwa akasema, "Ni sisi wote, baba. Masista wote ni batoto wake."

"Ndiyo, mama. Ninyi ni batoto ba roho. Mi nauliza wa tumbo."

"Hakuwa naye."

Mzee akageuka kuwapa vijana ruhusa. Ndipo Sista Veneranda akasema kutoka kwenye kiti chake, na baba Kadia anasema sauti ilikuwa ndogo kama ya kuku mwenye baridi lakini kila mtu aliisikia: "Iko. Anaitwa Sifa. Mi na yeye tulinyonya pamoja."

Mama, Sista Veneranda ndiye yule mtoto wa shamba la mihogo. Titi la kushoto. Je, ulikuwa unajua kwamba bado yuko hai? Bibi anajua?

Wazee hawakubishana. Waliweka majembe chini. Sista Mkubwa akasema barua ya askofu iko, ruhusa ya serikali iko. Mzee akamjibu kwa heshima, "Mama, hiyo barua tunaiheshimu. Lakini barua haishike jembe." Wakaenda kunywa maji. Jeneza jipya likarudi Baraka tupu, juu ya gari, limefunikwa kitenge cha yubile.

Sasa utaelewa kwa nini jana Sista Mkubwa alikuja kwangu. Alileta sukari na sabuni. Aliketi kwenye kigoda nikiwa nafua nepi, na hata hakuomba niache. Akasema watatuma sista mmoja na boti mpaka Kalemie kumchukua Bibi. Watamlaza kwao, watampa kitenge, ataketi viti vya mbele. Wageni watatangaziwa kwamba ni mpwa wa mwanzilishi, binti wa dada yake. Na kaburi? "Tutaenda Lubondja mapema, mbele ya wageni kufika. Pale atashika jembe kama mutoto. Bazee bataridhika, na yeye moyo wake utatulia. Nani ataumia?"

Nikakamua nepi mpaka vidole vikaniuma.

"Kwa hiyo mbele ya udongo ni mutoto, mbele ya batu ni mpwa?"

"Mama Kadia, kuwa na huruma na shirika."

"Shirika lilishapewa huruma yake, Sista. Lilipewa mama muzima."

Alikunywa maji niliyompa, akabariki watoto, akaondoka. Nataka umtendee haki: machozi yalikuwa yanamlenga. Lakini sukari nilimrudishia kwa mkono wa Kadia kabla hajafika barabarani. Sabuni nilibaki nayo, nepi ni nyingi.

Basi watakuja, Mama. Pengine sista huyo atakuwa kwenye boti moja na barua hii. Atakuwa na maneno laini, na Wajomba watapenda safari na heshima na viti vya mbele, watajibu "ndiyo" kabla Bibi hajaamka kitandani. Ninakuomba, na ninakuomba kwa nguvu: wasijibu wao. Wewe pia usijibu. Umekuwa unamjibia Bibi maisha yote. Watu wakiuliza mama yake alikuwa nani ulisema "alikufa zamani" ukabadilisha mazungumzo. Najua ulikuwa unamkinga. Ulimkinga mpaka akawa hana pa kusimama.

Siku waliyomzika Leokadia, Bibi alisimama nyuma ya wanakwaya, na udongo wa kwanza ulitupwa na mtu mwingine. Hilo yeye mwenyewe aliniambia, akinisuka nywele, na alisema kama mtu anayesimulia mvua ya mwaka jana. Lakini mikono yake iliacha kusuka.

Msomee kila kitu, usiruke. Mwambie la Sista Veneranda. Mwambie kwamba wazee wa Lubondja, ambao hakuna anayewalipa, wamemtambua bila kumwona. Halafu mwambie masharti ya masista kama yalivyo, bila kuyatia asali: mtoto alfajiri, mpwa mchana. Na umuulize yeye. Akisema miguu imechoka na anataka tu kuona kaburi la mama yake kabla hajafa, hata akiitwa mpwa, hata akiitwa jirani, nitampokea bandarini, nitamshika mkono, na sitamwambia neno moja la lawama. Ni mama yake, si wangu.

Lakini akisema hapana, basi asipande boti hiyo. Apande ya wauza samaki, afike kwangu, alale kitanda changu. Mimi na baba Kadia tutampeleka katikati ya misa ya yubile, wageni wote wakiwa wameketi, atapita mlango mkubwa na fimbo yake. Mwalimu Etabo ameshaniambia kwa siri kwamba akimwona ataacha kusoma ile hadithi waliyompa. Na wasipotaka hivyo, kaburi libaki Lubondja. Leokadia amezoea kungoja huko.

Kadia nimemwambia ataendelea na mchezo. Ameniuliza kwa nini watu wanagombania bibi aliyekufa. Nimemjibu kwamba tunagombania aliye hai.

Nisalimie Mjomba mwenye simu, umwambie sina ugomvi naye bado. Nisalimie Mama Mdogo anayeuza mawese, na mume wake kama amepona malaria. Nisalimie dada yangu Nyota, na mtoto wake ambaye sijamwona. Shemeji zako wa hapa wanakusalimu, na mkwe wako anasema ataleta mwenyewe bati la jikoni lako barabara ikikauka. Na yule mama jirani aliyenilea mlipokuwa kambini, umshike mkono kwa niaba yangu kwa muda mrefu kidogo.

Bibi umsogelee sikioni upande anaosikia, umsomee na mstari wa mwisho chini ya jina langu pia, maana nimeuandika kwa herufi kubwa zaidi ili hata yeye aone wino wake.

Ni mimi,
Feza, binti yako,
mjukuu wa Sifa,
kitukuu cha Leokadia.