Magego ya Marjani

Jumatatu, 4 Mfunguo Tano

Nimemnywesha farasi wetu Marjani, nimemsugua mgongo, nimefagia banda. Kama kawaida. Kisha nikampeleka barazani, wageni wa Bwana Seif waone elimu. Nikainua mdomo wa farasi. Meno ya mbele marefu, yameinama, vile vishimo vyeusi juu yake vimefutika. Nikasema, "Huyu kapita miaka kumi na tano." Wakaguna. Chuoni sikuhitimu, lakini Bagamoyo nzima nani anasoma meno kama mimi?

Mzee Feruzi, saisi wetu, aliyemtunza Marjani tangu alipoletwa kutoka Unguja, akasema, "Bwana, farasi anadondosha majani. Nadhani ni magego."

Nikamdakia: "Mzee, kinywani mwako halimo hata jino moja. Ya mwenzio utayajuaje?"

Baraza zima kicheko. Bwana naye. Akaniuliza, "Mbaruku, magego umeyatazama?"

"Nimeyapapasa hadi la mwisho, Bwana. Mazima. Anadeka tu."

Jumanne, 5

Mzee Feruzi kaondoka. Kaenda kwa dada yake, Kaole. Hakuniaga. Shauri yake. Banda sasa langu peke yangu.

Alhamisi, 7

Matonge ya majani sakafuni, yametafunwa nusu. Marjani anainamisha kichwa upande, anatafuna, anatema. Kinywa kinanuka. Nimemchapa. Viboko vitatu.

Ijumaa, 8

Mbavu zimetoka. Baada ya sala Bwana kaja bandani, kazipapasa mbavu moja moja. Kisha: "Kesho kutwa kama bado hali, nampiga risasi. Siwezi kumtazama akifa njaa."

Nikashika ufagio. Mimi, na mdomo wangu wote huu.

Naandika ukweli, kwani hapa hasomi mtu. Sikupapasa kitu. Naogopa kung'atwa. Meno ya mbele ndiyo yanayotoa umri, na hayo nayashika huku kila mtu akiniona. Magego yako ndani sana. Mkono wangu haujafika huko hata siku moja.

Jumamosi, 9

Nimekwenda Kaole kwa miguu. Nimemkuta Mzee Feruzi uani anasuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani mgonjwa, farasi au wewe?"

Nikamweleza yote: uongo wangu, viboko, bunduki ya Bwana. Nilikuwa natazama miguu yangu. Alimaliza mstari wake wa ukili, akainuka. "Ngoja nichukue tupa."

Bandani akauvuta ulimi wa Marjani ukatoka ubavuni mwa mdomo. "Ulimi ukiwa hapa hakuumi, maana atajiuma mwenyewe. Haya, msomi, tia mkono."

Nikatia. Magego ya juu yana kingo kama ganda la chaza. Yamenichana kidole. Na shavu, kwa ndani, lote vidonda. Kila alipotafuna alikuwa anajikata. Nami nikamchapa kwa kutokula.

Mzee akaanza kupiga tupa, taratibu, huku anamsemesha. Mimi nimeshika ulimi. Unga mweupe wa meno ukanimwagikia mkononi. Jua lilipopinda Marjani akala pumba zilizolowekwa. Alimeza.

Bwana akaja mbio. "Nani kaligundua hili?"

Mzee akasema, "Kijana huyu kanifuata Kaole kwa miguu." Basi. Uongo wangu hakuutaja. Bwana akanipiga bega, akanisifu. Afadhali angenizaba kofi.

Jumapili, 10

Wageni wale wale barazani. Nimesimama mbele yao nikasema: sikuyapapasa magego, nilisema uongo. Mzee alikuwa anajua, mimi nikamcheka.

Safari hii hawakucheka. Walitazama vikombe vyao vya kahawa. Masikio yalinichoma.

Bwana akasema, "Tangu leo utamfuata Feruzi. Akikwambia tia mkono, tia."

Mzee Feruzi hakuwa na uso wa ushindi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumatano, 13

Asubuhi Mzee analoweka mkate wake katika maziwa, mimi naloweka pumba za Marjani. Wamekula pamoja, polepole, kila mmoja na bakuli lake. Sina utani wa kusema.

Kidole kinapona.

Nimefagia banda. Nimetazama kila pembe. Hakuna tonge hata moja.