Neno Nililolilainisha

Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Ruphin amekamatwa. Amesema mke wake, Joëlle, kwa simu, saa mbili asubuhi. Polisi wawili, nyumbani kwao Bel-Air, kabla ya chai. Yuko cachot ya parquet, mahabusu ya ofisi ya mashtaka.

Ninayoyajua: Jumanne iliyopita, kwenye kiwanda cha shaba nje ya mji, bomba la asidi lilipasuka wakati timu ya Ruphin ikilisafisha. Désiré, miaka ishirini na sita, ameungua miguu yote miwili. Ruphin ndiye mkuu wa timu.

Joëlle halii. Anauliza.

"Mama Constance, ule avocat, wakili ya kampuni, anasema hata radio yenu ilisema: directeur alishauri tu. Ruphin njo alijiamulia. Njo weye ulisoma, mama?"

Nimesema ndiyo. Nimesema nitaangalia.

Sihitaji kuangalia. Lakini nitaangalia.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimesikiliza taarifa yetu ya Jumatano, tarehe 9, saa sita na nusu mchana. Sauti yangu, safi kabisa: "Mkurugenzi aliishauri timu isafishe bomba kabla ya saa kumi na mbili jioni."

Kisha nimefungua picha kwenye simu. Jioni ya ajali nilimfuata Ruphin kwa habari, akanionyesha kwenye simu yake ya kazi ujumbe wa mkurugenzi, mgeni anayeandika Kiingereza. Ruphin hasomi Kiingereza. Kiwandani mkalimani alimwambia kwa mdomo, na mkalimani huyo sasa hapokei simu. Nikaupiga picha. Kesho yake kampuni ikachukua simu ya Ruphin ya kazi. Kwa hiyo picha iko kwangu tu.

"You are instructed to clear the line before six."

Instruct. Nimelitafsiri neno hili kwa miaka ishirini na mbili, pamoja na jirani zake. Command ni la kambini. Order linafika kambini, mahakamani, hata kwa mhudumu wa mgahawa. Direct linaonyesha njia, lakini anayeonyesha amesimama juu. Instruct lina sauti ya mwalimu — na kiwandani mwalimu huyo ndiye anayesaini barua ya kukufukuza. Advise pekee ndilo linalokuachia mlango wazi. Na sisi tuna yetu: kuamuru, kuagiza, kuelekeza, kuomba, kushauri. Kuagiza lingetosha. Lilikuwepo. Nikachukua kushauri.

Kwa nini? Kwa sababu ndivyo tunavyofanya. Mkubwa akiamuru, redioni tunaandika ameagiza. Akiagiza, tunaandika ameomba. Kwa wakubwa wa serikali, kwa kampuni. Hakuna anayepiga simu kulalamika, jioni inapita. Vijana wa stage, wanaokuja kujifunza kazi, nimewafundisha hivyo mimi mwenyewe. Safari hii nilishuka ngazi tatu, na hakuna mtu aliyeniambia nishuke hata moja!

Jumatano, 16 Oktoba

Nimempelekea Symphorien, mkurugenzi wa redio, masahihisho. Sentensi mbili. Nimetaka zisomwe leo mchana.

Amezisoma amesimama.

"Mama Consta, unataka kutuua? Bantu banakusikia miaka yote, leo utabaambia ulidanganya?"

"Sikudanganya. Nililainisha."

"Kwa muntu mwenye kuwa mu cachot, iko tofauti gani?"

Stanislas, fundi wetu wa mitambo, anayengoja pensheni, alikuwa mlangoni na waya zake:

"Chef, kama tunaanza kusahihisha bile tulilainisha, tuanzie mwaka gani? Mi niko na bandes za sauti tangu zamani, kabati muzima!"

Tumecheka, wote watatu. Kisha Symphorien ameweka karatasi chini ya kalenda yake. Amesema tungoje avocat wa redio arudi kutoka Kinshasa. Lini? Hajui.

Mchana nimesoma taarifa nyingine. Bei ya unga. Maji mtaani Kampemba.

Alhamisi, 17 Oktoba

Hospitali. Désiré analala chali, shuka imeinuliwa kwa fremu isiguse miguu. Ameomba nimsogezee feni. Ameeleza bila kuulizwa:

"Chef Ruphin aliomba bazime pompe. Mara mbili, mama. Mara mbili! Interprète alienda, akarudi: mukubwa anasema hapana, muanze. Chef njo alivaa gants za mukono wa kwanza. Alikuwa mbele yangu. Bomba likapasuka upande wangu."

Nimemuuliza kama walidhani wanaweza kukataa.

"Kukataa? Unakataa, kesho badge haifungue mulango." Ameitazama feni. Halafu: "Unajua, mama? Ule directeur atie muguu yake moja mule ndani. Moja tu! Kisha aje hapa anipe conseil, ule ushauri yake."

Amecheka, kucheka kukamuumiza. Muuguzi amenitoa.

Nyumbani nimekuta convocation, barua ya wito ya parquet. Kesho, saa nne.

Ijumaa, 18 Oktoba

Ofisi ndogo, madirisha mawili, moja halifunguki. Mwendesha mashtaka wa parquet ni Madame Martine. Karani wake. Avocat wa kampuni, suti ya kijivu. Ruphin ameletwa bila mkanda, anashikilia suruali kwa mkono. "Bonjour, mama." Basi.

Madame Martine amecheza sauti yangu kwenye kompyuta.

"Hii ni yako?"

"Yangu."

"Inasema alishauri."

"Inasema hivyo. Ujumbe hausemi hivyo; picha yake iko kwenye simu yangu. Nilijua neno sahihi, nikaweka jepesi. Ni desturi yetu redioni. Hakuna aliyenilazimisha."

Avocat amesimama. "Madame, wiki jana alisema moja, leo anasema ingine. Tumuamini Constance gani?"

Naandika swali lake hapa kwa sababu ni swali la haki.

Madame Martine amegeuka. Ameniuliza mimi: "Kwa muntu wa kazi, kushauriwa na kuagizwa, tofauti iko wapi?"

"Convocation yenu ilifika jana, Madame. Je, ningeweza kubaki nyumbani?"

Karani ameangua kicheko. Madame Martine hakucheka. Ameandika kwa muda mrefu.

Uamuzi: mtafsiri aliyekula kiapo atasoma ujumbe Jumanne tarehe 22, saa tatu asubuhi. Atausoma ndani ya simu iliyopiga picha. Nakala ya karatasi haikubaliwi, wala picha iliyotumwa kwenye simu nyingine. Hadi hapo Ruphin anabaki ndani. Bila ujumbe, amesema, faili litabaki na kitu kimoja tu — taarifa ya redio.

Joëlle alikuwa uani na bakuli la bukari, ugali wetu, lililofungwa kwa kitambaa.

"Ulibaambia, mama?"

"Niliwaambia."

"Bien." Hakunishukuru. Hata mimi nisingeshukuru.

Jumamosi, 19 Oktoba

Ujumbe wa Symphorien, saa tisa alasiri. Simu zote za kazi zirudishwe ofisini Jumatatu, saa mbili asubuhi. Inventaire. Zitahesabiwa, kila kilichomo kitafutwa, kisha zitagawiwa upya.

Simu yangu ni ya redio. Sikuwahi kununua nyingine.

Nimempigia Stanislas. Yake wanaichukua saa ngapi?

"Yangu? Mi habaniambie kitu, mama. Na Gaëlle wa michezo tuko naye hapa Kamalondo — naye hapana." Nimesikia chupa, nimesikia anamuuliza tena. "Hapana. Inventaire gani hiyo?"

Nimeandika jibu kwa Symphorien, nimelifuta. Nimeandika jingine, fupi: nimepokea. Hilo limekwenda. Ni kweli, nimepokea.

Kipato changu ni mshahara wa redio tu, na mwanangu Bénie yuko mwaka wa mwisho chuoni. Naandika ili nisijidai sikujua.

Saa kumi na moja Joëlle ameuliza Jumanne tukutane wapi kabla ya kuingia kwa Madame Martine.

Nimemjibu: usingoje Jumanne. Njoo kwangu Jumatatu, saa moja asubuhi, kabla sijaenda kazini. Uje na mkoba unaofungwa, unaotosha simu moja.